Barua ya wazi kuhusu cherehani ya kukanyaga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,
Kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na kwa waheshimiwa wabunge watano mnaotuwakilisha sisi watu wenye ulemavu bungeni,

Salamu kutoka Busia ya Uganda, mpakani na Kenya.

Mimi ni fundi wa nguo. Polio ilinipata nikiwa na miaka mitatu, miguu yote miwili ikapooza, na tangu hapo natembelea magongo kwa safari fupi na baiskeli ya magurudumu matatu kwa safari ndefu. Nashona sare za shule, suruali, gomesi za harusi, yale magauni ya heshima ya wanawake wa Uganda, na makanzu. Nimewafundisha vijana wengi kushona, na baadhi yao wana ulemavu kama mimi au wa namna nyingine.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu cha watu tisa kiliandika maombi ya kusaidiwa vifaa. Tulisubiri sana. Siku moja lori likaja, viti vikapangwa chini ya mwembe, wageni wakahutubia, picha zikapigwa. Tulipewa cherehani sita mpya, zinang'aa, bado zina mafuta ya kiwandani. Wageni walipoondoka nilisogezwa mbele ya cherehani yangu. Nilikuta meza nzuri, droo ya kuwekea bobini, na chini kabisa kanyagio la chuma, pana, la miguu miwili.

Zote sita zilikuwa za kukanyaga. Katika sisi tisa, watano hatuna nguvu ya miguu.

Nilikaa pale mpaka giza likaingia. Mke wangu aliinama akalisukuma kanyagio kwa mkono wake ili nione inavyoshona, na kweli ilishona vizuri, mshono umenyooka kama uliopigwa rula. Baadaye nilimlipa fundi wa kuchomelea anifungie mkono wa kuzungushia nilioung'oa kwenye cherehani yangu kuukuu, na hiyo ndiyo ninayotumia hadi leo. Wenzangu watatu waliziuza zao kwa bei ya hasara. Naamini mahali fulani kuna ripoti inayosema watu wenye ulemavu wa Busia walipewa cherehani sita, na ripoti hiyo haina uongo hata kidogo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kutuuliza, kabla ya kununua: wewe unashonaje?

Waheshimiwa, nikitazama elimu na kazi za watu wenye ulemavu katika nchi yetu, naliona kanyagio lile kila mahali. Tunapewa, tena kwa nia njema, na tulichopewa kinatungoja tuwe na mwili mwingine.

Ninyi mnaoijua Busia ya zamani mtakumbuka kwamba kazi yetu ya kwanza hapa hakuna aliyetupa. Nilipokuwa mvulana, wanaume walioathiriwa na polio ndio waliokuwa wachukuzi wa mpakani. Walikuwa na baiskeli kubwa za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, zimeongezewa vyuma nyuma na chini ya kiti. Humo walipakia sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, unga, chochote kilichohitajika upande wa pili. Vijana wenye miguu mizima waliajiriwa kusukuma. Maofisa wa forodha hawakuwasumbua sana. Mtu aliyekuwa akihurumiwa na kijiji kizima alirudi nyumbani na karo ya watoto, akaezeka bati, akaoa. Wasukumaji wakamwita bosi, na alikuwa bosi kweli.

Sitaki kuipamba biashara ile. Nyingi yake ilikuwa ya magendo, na wapo walioumia. Ilianza kupungua polepole, na kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa 2018, mizigo ikawa inapita kwa utaratibu mwingine kabisa. Lakini somo lake sijaliacha. Watu wale hawakupewa semina wala cheti. Walipata chombo kilichotengenezwa kufuata mwili wao, na mahali ambapo chombo hicho kilikuwa na faida. Basi. Mengine waliyafanya wenyewe.

Sasa niwaeleze habari za binti mmoja.

Aliletwa kwangu na shangazi yake akiwa na miaka kumi na sita. Ni kiziwi tangu utotoni. Shangazi aliniambia, "Fundi, sikuombi umlipe. Nataka tu apate mahali pa kukaa mchana." Alikuwa amemaliza darasa la saba katika shule ya kijijini, na alikuja na madaftari yake kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa alijivunia mwandiko wake. Nami nilipoyafungua nilishangaa. Herufi zilikuwa za mviringo, safi, zimekaa juu ya mstari kama ndege kwenye waya. Kurasa kwa kurasa za sayansi, za hesabu, za Kiingereza. Alikuwa amenakili hata tarehe na idadi ya wanafunzi waliohudhuria siku hiyo, kama mwalimu alivyoandika kwenye kona ya ubao.

Nikaweka kidole juu ya neno la Kiingereza linalomaanisha mama. Akatikisa kichwa. Nikaweka kidole juu ya neno la maji. Akatikisa kichwa. Hakujua hata moja. Miaka saba alikaa darasani akichora maneno.

Simlaumu mwalimu wake. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, ambaye hakuwahi kufundishwa lugha ya ishara, alimpa dawati la mbele na akamwacha anakili. Ni yote aliyokuwa nayo. Ila naomba mfikirie kwamba katika rejista ya shule ile, na katika hesabu zenu huko Kampala, binti huyu ni mafanikio. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza 1997 na kuchukua watoto wanne kwa kila familia, watoto wenye ulemavu walipewa kipaumbele, na sisi tulishangilia. Binti aliandikishwa, akahudhuria, akamaliza. Dawati alipewa. Lilikuwa dawati la kukanyaga.

Katiba yetu ya 1995 inaagiza kukuzwa kwa lugha ya ishara ya viziwi, na wakati huo nchi nyingi duniani hazikuwa na neno kama hilo katika katiba zao. Tuna haki ya kujivunia jambo hilo. Hata Kiswahili, ninachokiandika hapa kwa sababu ndicho kinachotuunganisha sisi wa mpakani, kilifanywa lugha rasmi ya pili mwaka 2005 na kikasubiri hadi 2022 Baraza la Mawaziri liliposukuma kifundishwe shuleni. Kiswahili angalau kina watu wa kukisemea sokoni, kambini na redioni. Lugha ya ishara ikisahauliwa, wenye lugha hawasikiki wakipiga kelele.

Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006 ilisema si chini ya asilimia 10 ya matumizi ya elimu iende kwa mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu. Sheria hiyo imeshaondoka, tukapata ya 2020, na shule ya kijijini kwa binti haikuwahi kuona hata kitabu kimoja cha picha za ishara. Kuhusu sekondari, mtu akiuliza shule za serikali za viziwi, zinazotajwa kila mara ni mbili, ya Mbale na ya Wakiso. Mtoto anayefika hapo bila lugha yoyote anaanza wapi?

Kwangu alianzia kwenye meza. Cherehani inaposhona vizuri, meza hutetemeka kwa namna moja. Uzi wa chini ukiisha, mtetemo hubadilika. Sindano ikianza kuwa butu, hubadilika tena. Mimi nayajua hayo kwa masikio. Yeye aliyajua kwa kiganja cha mkono wa kushoto, na baada ya miezi mitatu alikuwa akisimama kutoka upande wa pili wa chumba, ananigusa bega na kunionyesha kwamba bobini yangu inakaribia kwisha. Sijawahi kuwa na mwanafunzi mwenye mkono mtulivu kama wake kwenye tundu la kifungo. Kijana mmoja kiziwi aliyesoma Mbale alikuwa akija jioni kutufundisha ishara, yeye, mimi, na mke wangu. Kila mtu katika lugha hiyo hupewa jina la ishara. La kwangu ni ngumi mbili zilizofungwa, zikishuka pamoja pembeni ya kiuno. Ni magongo yangu. Aliyenipa jina hilo ni binti.

Baada ya miaka miwili nilimwandikisha kwenye mtihani wa vitendo ili apate cheti. Kwa cheti angeweza kuomba kazi katika kiwanda cha nguo, au kukopa kwa jina lake mwenyewe. Shangazi yake aliuza mbuzi kulipia.

Watahiniwa walikuwa kumi na wawili. Msimamizi aliwasomea maelekezo kwa sauti huku akitembea kati ya cherehani, mgongo wake ukiwaelekea nusu yao. Shati la mikono mifupi, kola ya kusimama, mfuko mmoja wenye kifuniko, vifungo vitano. Mimi nilikuwa nje dirishani. Nilimwona binti akigeuza kichwa kulia, kushoto, anatafuta midomo ya kusoma, kisha akafanya lile alilozoea tangu darasa la kwanza. Akanakili. Alimtazama jirani yake na kushona alichokuwa akishona jirani. Jirani alikosea kola, naye akaikosea vilevile, kwa mishono mizuri kuliko ya jirani.

Niliomba niingie nimtafsirie. Nilikataliwa, kwamba mwalimu wa mtahiniwa haruhusiwi kumsogelea. Kanuni hiyo naikubali, waheshimiwa. Mwalimu asiye mwaminifu angeweza kumshonea kwa vidole. Ndiyo sababu mkalimani anapaswa kutoka kwenu, mtu asiyenijua mimi wala yeye, aliyeandikishwa na kulipwa, na awepo kabla mtahiniwa hajaulizwa kama anamhitaji. Majibu yalipotoka, yalisema hajafikia kiwango. Kiwango cha nini? Hawakupima kushona kwake. Walipima masikio.

Nimekaa sana kwenye habari za binti kwa sababu ndizo ninazozijua vizuri. Lakini kijana asiyeona wa mtaani kwetu, mwalimu mwenye diploma, naye aliitwa kwenye usaili wa maandishi akapewa karatasi iliyochapwa kwa wino kama wengine. Aliombwa radhi kwa upole. Nafasi akapewa mwingine. Nyinyi huchagua wanafunzi 64 wenye ulemavu kila mwaka kuingia vyuo vikuu vya umma kwa gharama ya serikali, na mimi nawashukuru kwa hilo bila kusita. Huyu mmoja akifika mlango wa mwisho na kukuta karatasi ya wino, yale yote mliyomlipia yanaishia hapo kizingitini.

Upo pia unafuu wa kodi, kwamba mwajiri ambaye asilimia 5 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu hupunguziwa asilimia 2. Huenda unawasaidia wenye kampuni kubwa. Hapa Busia mwajiri ni mama mwenye duka na vijana wawili, ni fundi mwenye banda, ni mwenye mashine ya kusaga. Hajazi fomu ya kodi ya kampuni, na hatawahi kuusikia unafuu huo.

Fedha zenyewe zipo, na hili lazima niliseme wazi kwa sababu baadhi yetu tunalalamika kana kwamba hakuna kitu. Mpango wa serikali wa Maendeleo ya Parishi, yaani eneo dogo la utawala ndani ya wilaya, unatenga asilimia 10 kwa ajili yetu, na kila mnufaika hukopeshwa shilingi milioni 1. Ipo Ruzuku Maalumu ya Taifa, ambayo kikundi kinaweza kupata hadi milioni 5. Tatizo ni namna tunavyoandikwa. Kwenye orodha ya parishi mtu huandikwa "mlemavu", neno moja, kisha nukta. Asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino, mimi mwenye magongo, mama anayemlea mtoto mwenye ulemavu wa akili, sote tunaingia kwenye kisanduku kimoja, halafu mtu mwingine anaamua kuwa kisanduku hicho kinahitaji mbuzi.

Tena ruzuku inataka kikundi. Kwa hiyo tunakusanyika, mfugaji wa kuku asiyeona, mshonaji, fundi wa viatu, kijana wa kutengeneza simu, watu ambao hatuna biashara moja wala soko moja. Kinachotuunganisha ni ulemavu tu. Mnawaruhusu wafanyabiashara wengine wachague washirika kwa kuangalia kazi. Kwa nini sisi tuchaguliwe kwa kuangalia miili? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nimekilalia hiki. Vikundi vingi vya namna hiyo nilivyoviona hapa vilikufa kabla ya mwaka wa pili, na wanachama wakaambiwa kwamba walemavu hawapatani.

Haya ndiyo ninayoyaomba.

Katika kila fomu ya msaada wa vifaa, wekeni mstari mmoja ambapo mwombaji anaeleza yeye mwenyewe anavyofanya kazi hiyo, kwa mikono, kwa kugusa, kwa kusikia, akiwa amekaa au amesimama, na anunuaye vifaa awajibike kwa mstari huo. Cherehani ya kuzungusha kwa mkono haina bei ya kutisha. Hata mota ndogo ya umeme ingetufaa wengi wetu. Tuliyopewa sisi haikuchaguliwa kwa sababu ilikuwa rahisi. Haikuchaguliwa kabisa. Ndiyo iliyokuwepo dukani.

Mkalimani wa lugha ya ishara, karatasi za breli na muda wa ziada viwe sehemu ya kila mtihani wa ufundi na kila usaili wa ajira ya serikali, kuanzia wilayani. Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha walimu wa elimu maalumu na wakalimani, basi wapeni wahitimu hao kazi huku wilayani, maana nao wanatafuta.

Kuna vituo vya ufundi vilivyojengwa kwa ajili yetu, Kireka, Lweza, Mpumudde, Ruti, Ogur, Ocoko. Wazee wetu waliovipitia walitoka wakiwa na kazi mikononi. Tangazeni kila mwaka kila kituo kimepokea wanafunzi wangapi, kinafundisha kazi gani, na wangapi wanaishi kwa kazi hiyo mwaka mmoja baada ya kutoka. Hesabu hii ya mwisho ndiyo nisiyoiona ikisomwa popote, na ndiyo ambayo mzazi angeitaka kabla ya kumpandisha mtoto wake basi la kwenda Jinja au Kampala.

Kisha mtutambue sisi mafundi wa mitaani. Vijana wengi wenye ulemavu hawatafika kwenye kituo chochote. Watajifunza kwenye mabanda kama langu, kwa sababu ni karibu na nyumbani na kwa sababu fundi anamjua mama yao. Sidai mshahara. Fundi anayempokea kijana mwenye ulemavu apewe kitambaa cha kujifunzia, apewe cherehani moja ya ziada inayomfaa kijana huyo, na kijana akimaliza aondoke nayo. Nimeharibiwa mita nyingi za kitambaa na wanaojifunza, na kila fundi anayeisoma barua hii anaijua hasara hiyo. Wengi huwakataa vijana wetu kwa ajili ya kitambaa, si kwa roho mbaya.

Na sare. Sheria ya ununuzi wa umma ilirekebishwa 2021 ili baadhi ya zabuni ziweze kutengwa kwa vyama vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa. Shule za sekondari na vyuo vya umma katika wilaya hii vinavaa maelfu ya sare zilizoshonwa mbali na hapa. Tupeni sehemu ndogo tushindane kwa ubora. Tukishona vibaya, rudisheni mzigo. Hatutaki nguo zetu zinunuliwe kwa huruma, kwa sababu anayenunua kwa huruma hanunui mara ya pili.

Madiwani wetu wawili wa wilaya, mwanamume na mwanamke, ambao sheria inawaweka ili watuwakilishe, wamenisikiliza mara nyingi. Lakini fedha na maelekezo hutoka kwenu, ndiyo maana nimewaandikia ninyi.

Mkija Busia, ulizeni fundi mwenye magongo karibu na soko. Mlango wangu hauna ngazi. Mtaikuta ile cherehani yenu, kanyagio bado lipo chini, tunaliwekea mabaki ya vitambaa.

Binti atafanya mtihani tena Novemba. Siku hizi anajua kusoma. Si sana, lakini anajua mama, anajua maji, anajua kola ya kusimama. Shangazi yake hana mbuzi mwingine, ada nimeilipa mimi. Tunachohitaji kutoka kwenu ni mkalimani mmoja, kwa siku moja, kuanzia saa mbili asubuhi.

Wenu katika kulijenga taifa,
Fundi wa nguo, Busia, Uganda